Nzi Aliyefungwa Ng'ambo ya Bwawa

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akiita jina lake darasani, anajibu kwa sauti ndogo mpaka anawekewa alama ya kutokuwepo. Watu kama sisi hatutungi visa, maana tukitunga tutaulizwa maswali. Haya niliyaandika kwenye daftari langu siku ileile, soksi zikiwa bado zinachuruzika maji, na leo nakunakilia kama yalivyo, nikiongeza tu yaliyofuata.

Papa alikuwa fundi cherehani mtaa wa Yeoville, huku kusini kwenye mji wa migodi. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alichukua fimbo yake nyembamba ya kuvulia akaenda kwenye bwawa la umma, si mbali na kwetu Turffontein. Alivua kwa nzi wa kuunda, yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na uzi, ambayo samaki akiiona majini anadhani ni mdudu. Akimpata samaki, anamtazama kidogo, kisha anamrudisha. Mara chache nilienda naye. Wakati wa joto tulitafuta bass, wale wenye mdomo mkubwa wanaojificha kwenye matete. Baridi ikiingia tulingoja trauti, ambao huletwa na lori na kumwagwa bwawani. Kwa miaka mitatu Papa hakuleta nyumbani hata samaki mmoja. Sasa Mama ni mtu wa Bukavu, amekulia kando ya ziwa. Utamweleza nini kuhusu mwanaume anayevua ili arudishe?

Papa alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu. Mwezi wa saba mwaka huu, Mama alipokuwa anahamisha cherehani ya Papa, nyuma yake kikatokea kisanduku cha nzi. Tante Béa, rafiki wa Mama anayesuka naye saluni, alikuwepo.

"Yesu wangu! Hii iko nini?" Mama akauliza.

"Nzi," nikasema.

"Nzi gani iko na nywele?" Tante Béa akadakia. "Manyoya, uzi mwekundu, nywele ya mwanamke, na chuma ya kuchoma. Eish! Mtu anaenda kuvua kila Jumatatu, samaki haionekane. Alikuwa anavua nini?"

Mama alivuta unywele mmoja wa rangi ya asali akautazama kwa muda mrefu, na hapo nikaelewa kwamba hakuwa anaogopa uchawi. Alikuwa anaogopa mwanamke.

"Jumapili pasta anakuja," akasema. "Tutaomba, tutachoma yote."

Niamini, nilijua nywele zile za kusukia zimetoka wapi. Papa aliziokota sakafuni, saluni kwa Mama mwenyewe, jioni alipokuwa anamsubiri afunge. Sentensi moja tu ingetosha. Niliifungua midomo, nikaifunga. Usiku ule nilijichukia sana. Nikaamua kwamba kama kinywa changu hakisemi, samaki atanisemea. Nitavua mmoja kwa nzi wa Papa, nimlaze mezani mbele ya Mama, aone kwamba Papa hakuwa mwongo.

Jumamosi nilikuwa mtu wa kwanza kupita geti la bwawa, nimebeba fimbo ya Papa na nzi mmoja. Jua lilikuwa halijatoka nyuma ya vilima vya udongo wa migodi. Nyasi zote zilikuwa zimeganda jalidi nyeupe, na ukungu umelala juu ya maji kama moshi wa mkaa. Nilitupa mshipi mara ya kwanza, ukanizunguka shingoni. Mara ya tatu nzi akanasa kwenye matete. Nilipomnasua alikuwa amefumuka, manyoya huku, nywele kule. Nikakaa chini nikalia, maana sikuchukua mwingine.

"Lete hapa."

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti la plastiki, hatua tano kutoka kwangu. Kofia ya sufu, mabuti ya mpira yenye vumbi la njano la migodi. Mpaka leo siwezi kukuambia alisema kwa lugha gani. Nilimwelewa tu. Nikampa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, lakini alizungusha ule uzi mwekundu kwa upole wa ajabu, akapitisha ncha chini, akakaza. Kisha badala ya kukata karibu, akaacha kamkia kadogo.

"Kamkia ni ka nini?" nikauliza. Mimi, kumuuliza mtu nisiyemjua!

"Atakayefungua lazima apate pa kuanzia. Ndivyo fundi alivyonionyesha."

Maneno yale ni ya Papa. Alimalizia hivyo kila kifungo alichoshona, na alisema hivyo kila mara.

"Fundi gani?"

"Yule mrefu, anayekohoa. Ila sasa hakohoi tena. Tupa mshipi, maji yanaamka."

Nilitupa, na safari hii nzi akatua vizuri katikati ya ukungu. "Alikuonyesha lini?" nikauliza.

"Jana."

Ndipo nikaangalia chini. Kwenye jalidi kulikuwa na njia ya miguu yangu tu, kutoka getini mpaka pale. Kuzunguka kreti la mzee nyasi zilikuwa nyeupe, safi, hazijakanyagwa na mtu. Unajua mtu anavyopiga kelele kwenye filamu? Uongo. Sauti haitoki.

"Yuko ng'ambo ile," mzee akasema taratibu. "Ukitaka, nenda. Maji si marefu."

Nikatazama. Kule ng'ambo, ndani ya ukungu, mkono wenye fimbo ulipanda, ukarudi nyuma, ukasimama kidogo, ukaenda mbele. Kule kusimama kidogo ni kwa Papa. Wengine wote wana haraka. Basi nikaingia. Maji yalinifika vifundoni, yakafika magotini, na naapa sikusikia baridi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa, kwamba sikusikia baridi hata kidogo.

"Papa!" nikaita. Sijawahi kuita kwa nguvu hivyo maishani. Bata waliruka.

Ule mkono ulisimama hewani. Na wakati huohuo mshipi wangu ukavutwa. Samaki! Fimbo ilipinda, nikageuka, nikasahau kila kitu isipokuwa kutoiachia, na samaki akakimbia kuelekea ukingo niliotoka. Nilimfuata nikijikwaa kwenye tope, na hapo baridi ikaniuma miguu yote kwa mpigo. Nilipomleta ukingoni, kreti lilikuwa tupu, limeganda jalidi juu, kama ambalo halijakaliwa tangu jana. Ng'ambo kulikuwa na matete tu.

Trauti alikuwa na madoadoa na mstari wa waridi ubavuni. Nilimshika ndani ya maji. Huyu ndiye ushahidi wangu, nilimjia yeye. Lakini alikuwa anahema mkononi mwangu, na ndiye aliyenirudisha ukingoni. Ningemtia kwenye mfuko wa plastiki? Nikamng'oa ndoano, nikafungua vidole. Nikarudi nyumbani kama Papa, bila samaki.

"Uko unatoka wapi na miguu maji, wewe mtoto?" Mama alinipokea mlangoni. "Unataka ufe kama baba yako?"

Nikasema. Yote. Nilianza na nywele: "Mama, ni za saluni yako, alikuwa anaziokota akikusubiri," kisha mzee, jalidi, mkono. Sikumbuki kama nilipumua. Mama alichukua yule nzi kutoka mkononi mwangu kwa ncha za vidole, kama anayeshika mende. Akavaa miwani. Akamgeuza, akakaona kamkia.

Alienda chumbani, akarudi na koti lake la kanisani, ambalo Papa alimshonea. Akaweka kifungo kando ya nzi. Mizunguko ileile, kamkia kalekale.

"Hakohoi tena?" akauliza.

"Alisema hakohoi."

Akakaa juu ya kiti cha cherehani, akacheka, akalia, akacheka tena. "Mwanaume huyu! Na mimi kila siku nasema nani anaiba nywele yangu."

Pasta alikuja, akanywa chai, akatuombea, hakuchoma kitu. Tante Béa bado hakai karibu na kile kisanduku.

Yule nzi ninaye. Hakauki. Nimemweka juani, nimemweka karibu na hita. Siku za jalidi utamkuta na tone moja la maji kwenye kamkia. Likizo, siku za Jumatatu, Mama huja nami bwawani na koti lake, na mfuko wa nywele alizofagia. Mimi nafunga nzi wapya. Yeye anafukuza samaki kwa kelele: "Vuta, mama! Vuta!"

Nawe ukienda pale asubuhi ya baridi, mzee akijitolea kukufungia nzi, mpe, mshukuru. Ila kwanza angalia nyasi. Na akikuambia mtu wako yuko ng'ambo, mwamini, hasemi uongo. Msalimie mtu wako kwa sauti kubwa, atakusikia. Lakini usiingie majini. Hasa kama husikii baridi.