Nyundo ya Orpha Quimby

Orpha Quimby hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata ng'ombe wake aliwaita kwa kugonga ndoo tu. Hata hivyo, kila Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mkutano wa mji, watu wa Corley walimchagua yeye kuwaongoza, na walikuwa wakifanya hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Pale Corley, katika milima ya Vermont, mkutano ndio serikali. Kila mpiga kura huingia ukumbini na theluji kwenye viatu, akakaa kwenye kiti cha chuma, na pamoja na jirani zake akaamua habari za barabara, shule na kodi. Hakuna wa kuwaamulia. Kazi ya Orpha ilikuwa kuhakikisha kwamba mwenye kelele hamfuniki mwenye haya. "Nyundo si yangu," alizoea kusema. "Mmeniazima." Nyundo yenyewe aliichonga mumewe, Lyle, kutokana na mti uliowapa utomvu mtamu wa kupikia sukari miaka mingi kabla dhoruba haijauangusha.

Mtu aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Hollis Tarbox, mpasua mbao, kapera, aliyezoea kukaa safu ya nyuma karibu na masufuria ya maharage ya mchana.

"Mama Mwenyekiti, utaratibu!"

"Utaratibu upi, Bwana Tarbox?"

"Bado naufikiria!"

Ukumbi ulikuwa ukicheka, naye Orpha alimngoja mpaka amalize kufikiria, maana haki ya kusimama ilikuwa ya Hollis kama ilivyokuwa ya mtu mwingine yeyote. Chakula cha mchana kikifika, alimwekea kipande cha pai yake ya tofaa, na jibini juu. "Asije akasema nimemnyima kwa sababu ya siasa."

Mwaka mmoja ikaja hoja ya barabara ya mlimani. Merle Doucette, mkuu wa kamati ya mji, mtu mwema asiyependa ugomvi, aliieleza huku akikwepa macho ya watu. Juu ya daraja, alisema, imebaki nyumba moja tu, kisha barabara ndefu inayoishia kwenye machimbo ya mawe yaliyokufa. Lori la kuzoa theluji hupotelea huko asubuhi nzima, na watoto wa bondeni wanakosa basi la shule. Kamati inaomba theluji isizolewe tena kuanzia darajani kwenda juu.

Nyumba hiyo moja ilikuwa ya akina Quimby. Kifua cha Lyle kilikuwa kibovu. Mara mbili majira yale ya baridi gari la wagonjwa lilimfuata juu. Hoja ikipita, wangelazimika kuhama kabla ya theluji nyingine na kwenda kupanga vyumba bondeni, wao na miaka yao yote. Lyle, aliyekaa safu ya mbele, alikuwa akitazama vidole vyake.

Orpha akaiweka nyundo mezani.

"Jambo hili linanihusu. Siwezi kuwa hakimu wa kesi yangu. Chagueni mwingine."

"Hollis!" mtu akapiga kelele. "Si kila siku anajifanya anajua!"

Watu wakacheka, kisha wakamchagua kweli. Hollis akaenda mbele, masikio yamemwiva.

"Sasa hii naishikaje, mama?"

"Kwenye mpini."

Orpha akaenda kukaa karibu na mumewe. Aliposema, alisema machache: kwamba wanapenda nyumba yao, na wangependa kufia humo, ila si kwa haraka. Watu wakatabasamu. Kisha Hollis akaita kura ya sauti.

"Wanaotaka tuache kuzoa, waseme ndiyo."

Ikaja sauti ya chini chini, kama ng'ombe waliofungiwa bandani.

"Wanaokataa?"

"Siyo!" Vioo vilitetemeka. Wapishi walitoka na miiko yao wakapiga kelele pamoja na wengine.

Hollis akainua nyundo. "Naona siyo wame—"

Orpha akasimama. Miaka ya kusikiliza ukumbi ule ilikuwa imemfundisha kwamba watu wakiona haya, hata wakiwa wengi, sauti yao huwa ndogo. Aliona jinsi jirani zake wengi walivyosema ndiyo huku wameinamia viatu.

Lyle akamvuta mkono. "Kaa chini, mama. Tumeshashinda."

"Wametuonea haya tu, Lyle." Akageukia mbele. "Bwana Mwenyekiti, naomba kura ya siri, kwa karatasi."

"Una wazimu, Orpha?"

"Mwenyekiti hatukani watu."

Mikono ya kumuunga mkono ikainuka, ya kwanza ikiwa ya wale walioinamia viatu. Sanduku la mbao likaletwa, watu wakapanga mstari. Karatasi zilipohesabiwa, Orpha alikuwa ameshindwa. Kwa kura chache, lakini kushindwa ni kushindwa.

Orpha akarudi mbele, akapokea nyundo yake. Kila mtu pale alijua sheria: hoja inayofuata ikishaanza kusomwa, iliyopita imefungwa. Wengine walitamani anywe maji kwanza, au atafute miwani. Hakutafuta chochote.

"Hoja inayofu—"

"Utaratibu!"

"Utaratibu upi, Bwana Tarbox?"

"Leo naujua. Hoja iliyopita inaweza kurudishwa, ila na mtu wa upande ulioshinda. Mimi nilipiga kura na walioshinda."

Lyle akageuka taratibu. "Ulitupinga, Hollis? Na pai ya mke wangu unakula kila mwaka?"

"Nimepinga machimbo, Lyle, sijakupinga wewe! Kuwazolea theluji kulungu ni upuuzi, nitasema hivyo mpaka nife. Lakini karatasi imeniuliza ndiyo au siyo. Haikuniuliza lori ligeuzie wapi. Nasema lifike kwenye banda la Quimby, ligeuke, lirudi."

"Pana nafasi ya kugeuza?" Merle akauliza, uso umemchangamka.

"Nikiondoa lile trekta bovu," Lyle akasema.

"Trekta hilo limekaa pale tangu enzi za vita!" Hollis akadakia.

"Basi nalo liseme kwaheri."

Orpha akaiweka nyundo chini tena, kwa kuwa jambo lilikuwa lake tena, na mpishi mmoja akaongoza akiwa na aproni yake. Walipoulizwa kama hoja irudishwe, wakakubali. Walipoulizwa kama lori lizoe mpaka bandani, Orpha alifumba macho akasikiliza. Ndiyo zilitoka kila kona kwa sauti ya kimo kimoja, pamoja na zile za watu wa viatu, ambao sasa walikuwa wameinua nyuso. Siyo zilikuwa za kuhesabika, nazo zilisemwa wazi. Akafumbua macho, akapumua.

Wakati wa chakula, Hollis alikigeuza kipande chake cha pai huku na huku.

"Cha mwaka huu kidogo."

"Ni kile kile," Orpha akamwambia, akamwongezea jibini. "Ungetaka kikubwa, ungepiga kura vizuri mara ya kwanza."

Lyle hakuwapo mezani. Alikuwa nje, kwenye theluji, kofia imemfunika masikio, akiuliza kila mwenye lori kama ana mnyororo wa kuvutia trekta.