Rodah na Malisho ya Chuo Kikuu

Rodah Chepyegon hakujaliwa kutulia. Hata kanisani, mhubiri akirefusha neno, yeye hutoka nje kuangalia mawingu. Majirani zake wa upande wa Ndanai walisema mama huyo hata chai huinywa akitembea.

Serikali ilipotafuta mahali pa kujenga chuo kikuu kipya, na wazee wakasitasita kutoa malisho ya kijiji, ni Rodah aliyesimama kwenye baraza.

"Tupeane hiyo ardhi," akasema. "Watafundisha kilimo hapa hapa. Watoto wakisoma mambo ya ng'ombe na majani chai, sisi pia tutajua."

Malisho yale yalikuwa ya wote, na josho la ng'ombe lilikuwa hapo hapo. Watu walibishana hadi jua likageuka, ndipo wakakubali. Kiptanui, jirani yake mwenye ng'ombe wengi, alikuwa wa mwisho kuinua mkono.

Chuo kilianza kwa shida. Madarasa yalikuwa ya mabati, na mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana hakusikika. Walifundisha ualimu na biashara. Kilimo? Kitakuja, waliambiwa. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na upande wa chini wa ile ardhi ukabaki magugu nyuma ya seng'enge, huku ng'ombe wa kijiji wakilishwa kando ya barabara.

"Mama Weldon," Kiptanui alimwambia kila walipokutana, akimwita kwa jina la mwanawe, "ng'ombe zetu zitakula digrii?"

Rodah alishika njia ya chuoni. Alienda tena na tena kwa mkuu wa chuo, Daktari Monicah Ajwang, mama aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai kule Kericho, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa. Daktari alimpokea, akampa chai, akamwambia ukweli: walimu wa kilimo hakuna, na Nairobi wanasema ngoja.

"Sasa mimi niende niambie watu nini?"

"Waambie tunajaribu, mama."

"Hiyo nimewaambia mpaka wamechoka na sura yangu."

Mvua za Machi zilipoanza, Rodah aliwakusanya akina mama wenzake. Walipenya seng'enge wakiwa na majembe, wakalima ule upande wa magugu, wakapanda mahindi. Askari wa lango alipiga kelele bure. Daktari Monicah akaja mwenyewe, amevaa viatu vya gambuti, akasimama akiwatazama. Wakubwa wake walitaka aite polisi. Yeye akasema mahindi yavunwe kwanza, mengine baadaye.

Hayakuvunwa. Yalipofika kiunoni yakaanza kugeuka manjano, majani yakakauka kuanzia pembeni, moyo wa mmea ukafa. Kisha shamba la Kiptanui likashikwa na ugonjwa huo, na la Rodah mwenyewe, na mengine. Watu wakasema ni laana ya kulima ardhi ambayo ilishatolewa. Kiptanui hakumtania tena. Alipita tu bila kumsalimu, na hilo lilimuuma Rodah kuliko maneno.

Rodah akang'oa mabua pamoja na udongo wake, akayabeba mpaka ofisini, akayalaza kwenye zulia.

"Daktari, hii ni nini?"

Monicah aliyageuza, akawaita walimu. Akaja wa hesabu, akaja wa historia. Hakuna aliyejua. Mkuu wa chuo akaketi kwa uzito.

"Baba yangu alichuma chai maisha yake yote ndio mimi nisome," akasema. "Leo niko na chuo kizima, na siwezi kukuambia mahindi yako yameuawa na nini. Twende tuulize."

Wakaenda pamoja, mabua ndani ya gunia, mpaka kwa watafiti wa mimea. Jibu halikuwa tamu. Ni ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na wadudu, na dawa hauna. Ng'oeni, chomeni, pandeni kitu kingine mpaka udongo upumzike.

Rodah alirudi akazunguka nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu wang'oe mahindi na kuyachoma. Wengine walimfungia mlango. Kiptanui alimsikiliza akiwa amesimama langoni.

"Kwa hivyo si laana?"

"Si laana. Ni wadudu."

Kiptanui akaenda kuleta panga. Siku hiyo mashamba mawili yalichomwa, lake na la Rodah, na moshi ukawaleta wengine.

Daktari Monicah naye alibeba mabua yaliyokauka mpaka kwenye mkutano wa wakubwa wake, akayaweka mezani katikati ya chupa za maji. Baada ya msimu mmoja akaletewa mwalimu wa mimea, Phelix Omollo, na darasa la kwanza la kilimo likaanzia kwenye banda la zana, na siku za Ijumaa mlango ukawa wazi kwa wakulima.

Mwaka ule kijiji kilinunua unga dukani, na wako ambao hawajamsamehe Rodah mpaka leo. Lakini ule upande wa chini ulipandwa viazi, na viazi vikakubali. Wanafunzi walivichimba kwa mikono, matope mpaka kwenye viwiko, na Rodah alikuwa nyuma yao akiwahimiza wafanye haraka, mvua inakuja.