Maziwa ya Jua

Watu wa Mkolani, kule Mwanza, watakuambia kwamba Evelina alikuwa anafunga magoli huku amefumba macho. Wanatia chumvi, ndiyo kawaida yao. Alikuwa anafumba jicho moja tu, la kushoto, na ncha ya ulimi anaitoa pembeni kidogo, halafu mpira unaondoka vidoleni mwake taratibu, unapanda, unashuka ndani ya pete bila hata kugusa chuma. Hapo sasa uwanja mzima unalipuka: "Evelinaaa!"

Hiyo ilikuwa kabla ya mtoto.

Alipojifungua, jina lile likapotea. Hakuna aliyelichukua kwa ubaya, ndivyo tulivyo: ukishazaa, wewe ni mama wa fulani. Akawa Mama Suzana kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwa Nathaniel mumewe, ambaye tangu enzi za uchumba alikuwa akimwita Eve. Mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa baba. Na kwa kuwa mkamwana mwenye adabu hawezi kulitamka jina la mkwewe ovyo ovyo, Evelina akawa anakiita kile kichanga "Bibi". "Bibi amekojoa tena!" "Bibi, nyonya basi, acha kunitazama." Bibi mwenyewe, yule mkubwa, akisikia anacheka mpaka anajishika kiuno.

Na si jina peke yake. Mguu nao ulikuwa umekua! Siku alipozitoa raba zake za mpira chini ya kitanda na kujaribu kuzivaa, vidole vilikataa katakata. Mwanamke mzima, mguu unaota kama muhogo. Nathaniel alikuwa anauza mitumba pale sokoni Makoroboi, siku zile za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, ambapo marobota yalifunguliwa kila asubuhi na mji mzima ulivaa Ulaya, basi akamchagulia raba nyeupe zenye mstari wa buluu. Kamba zilikuwa za rangi mbili tofauti. Evelina alizivaa palepale, akaruka nazo chumbani mara kadhaa, mtoto akashtuka, na wote watatu wakabaki wanatazamana.

Nisikufiche, alikuwa na furaha. Kuna wazazi wanaochoka wakanuna, na wana haki yao, lakini huyu kila kitu kilikuwa kipya kwake. Shingo ya mtoto inavyonukia maziwa, kucha ndogondogo zile, jinsi anavyopiga chafya kama mzee wa kanisa. Alipenda hata kufua nepi, na sababu yake ilikuwa ya siri. Nepi ikilowa, anaikunja, anaifunga fundo, anasimama mlangoni. Beseni liko kule karibu na pipa la maji. Jicho la kushoto linafumba, ulimi unatoka. Pwaa! Ndani. Siku nzima hivyo, na Bibi mdogo hakuwa mchoyo wa nepi.

Jumatatu moja akaja Dorotea. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya mpira wa pete ya mtaa, Jiwe Kuu, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama Suzana, Jumamosi tunacheza na timu ya Mwaloni ya Pasiansi. Fainali. Hellen ana urefu, lakini mkono unamtetemeka. Nakutaka wewe. Ila nipe jibu Alhamisi. Kama huwezi, jezi ya GS nampa Hellen moja kwa moja, nisije tena hapa kukusumbua."

GS ndiye mfungaji mkuu. Moyo wa Evelina uliruka kwa nguvu mpaka mtoto akachomoka kwenye titi na kuanza kulalamika.

"Nakuja!" alisema.

"Haendi popote," ilisema sauti kutoka jikoni.

Hapo inabidi umjue mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Magu na kuku wawili, furushi la michembe ya viazi na sheria zake, kuja kumlea mzazi. Alimpikia Evelina uji wa ulezi mzito wa kusimamisha kijiko, alimkanda maji ya moto, alimbeba mtoto usiku ili mama alale. Mkwe wa namna hiyo humpati sokoni. Lakini sheria ni sheria, na kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya maziwa ya jua. Mama anayenyonyesha akitoka juani, maziwa yake yamechemka. Asimpe mtoto hivihivi, tumbo litamsokota. Akae kivulini, ajifute kwa kitambaa cha maji, akamue yale ya mwanzo chini mpaka yaje ya ubaridi. Evelina alikuwa hajaenda hata dukani akarudi bila kukamua. Mpira unachezwa saa kumi, jua la Mwanza linarudi tena kutoka kwenye mawe, ukimbie nalo saa nzima? Mama mkwe aliona hilo ni kumpikia mtoto sumu.

"Yaya, mkamwana. Hapana," alikataa kwa Kisukuma chake, akipangusa mikono. "Mpira ni wa wasichana. Wewe sasa una mtu."

Evelina alipiga goti, akasema ndiyo mama, akaenda chumbani akalia. Aliipenda sana ile furaha ya nyumba yake mpya, ila alikuwa anaitaka na ile nyingine. Alitaka kujua kama yule msichana wa uwanjani bado yumo, au alitoka siku ileile pamoja na mtoto. Hilo ndilo lililomliza.

Jumatano asubuhi akafumaniwa. Alikuwa amesimama mlangoni, jicho limefumba, nepi ya fundo mkononi, akaitupa, ikaingia pwaa. Kugeuka, mama mkwe huyo hapo na sufuria ya uji.

"Ndiyo maana nepi zinalowekwa na mafundo!" alisema. "Nafungua mafundo wiki nzima, nadhani ni mambo ya mjini."

Evelina alitamani ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe alikuwa analitazama beseni. Akaiweka sufuria chini. Akaokota nepi nyingine, akaifunga fundo, akasimama palepale mlangoni, akarusha. Ikampiga kuku.

"Ah! Lete nyingine."

Ya pili ikapita juu ya pipa. Ya tatu ikaanguka kwenye uji. Mama wa watu akakasirika kwelikweli, akajifunga kitenge upya kiunoni, akataka nepi kavu maana hii iliyolowa ni nzito. Evelina akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka, na mkwewe naye akaangua, wakacheka wameshikana mabega mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

"Sasa wewe unafanyaje?" mama mkwe aliuliza, akijifuta machozi.

"Nafumba jicho moja, mama."

"Na hiyo pete yenu iko juu zaidi ya beseni?"

"Juu sana, mama. Na kuna mtu mbele anakuzuia."

Mzee wa watu alimtazama yule binti, macho bado mekundu ya kilio, na nadhani aliona kitu, maana na yeye alikuwa msichana siku moja huko Magu. "Basi tutakwenda wote," alisema mwishowe. "Mimi nakaa kivulini na wajina wangu. Nachukua maji na kitambaa. Lakini sikiliza, mkamwana: nikisema toka, unatoka. Mtoto hasubiri mpira."

"Ninatoka, mama. Naapa!"

Jumamosi ilifika na uwanja ukajaa. Vijana walikaa juu ya mawe, wauza karanga walipita, redio kaseti ya mtu ilikuwa inapiga kwa betri mpaka ikaanza kuimba polepole. Evelina alivaa jezi ya GS, ilibana kifuani, raba zake nyeupe zenye kamba za rangi mbili zikamfanya ajione ana mabawa. Mbele yake alisimama mlinzi wa Mwaloni, Kashindye, dada mrefu mwenye mikono ya kufika popote.

"Karibu tena, mzazi," Kashindye alimwambia, akitabasamu vibaya.

Goli la kwanza lilimkataa. Mpira uligonga chuma ukatoka, na Hellen kwenye benchi akaanza kujinyoosha. La pili likaingia. Mama yangu! La tatu, la nne, mkono ukakumbuka kazi yake, jicho likafumba lenyewe. Alikuwa mzito kidogo kiunoni, ni kweli, lakini uzito ule ulimsaidia. Kashindye alipojaribu kumsogeza, hakusogea. Dorotea alikuwa anapiga kelele hadi kofia inamtoka. Watu wakaanza: "Mama Suzana! Mama Suzana!" Mwanzoni lilimgusa vibaya, halafu akaliona tamu.

Kwenye kipindi cha mwisho timu zilikuwa sawa, na hapo ndipo mtoto alipolia.

Uwanja mzima una kelele, yeye alisikia sauti moja. Na mwili wa mama haumuulizi mtu: maziwa yakashuka. Kufumba na kufumbua jezi imelowa, madoa mawili makubwa, herufi za GS zinang'aa. Upande wa Pasiansi kijana mmoja akapayuka, "Jamani, chai iko tayari, maziwa hayo!" Wakacheka. Evelina akarusha, akakosa. Akapewa tena, akakosa tena, mikono imejikunja kifuani kwa aibu. Mtoto analia. Dorotea akamtazama Hellen.

Ndipo mama mkwe alipoingia uwanjani.

Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekatiza shamba lake, mtoto begani, chupa ya maji mkononi, akapita katikati ya mchezo, mpira ukampita puani, hakuutazama. Refa, kaka mmoja anaitwa Maige, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba.

"Mama! Mama, hapa ni mechi! Tunasimama kwa majeruhi tu! Nani kaumia?"

"Mjukuu wangu," alisema mama mkwe. "Kaumia njaa."

Evelina aliona yameisha. Aliapa mwenyewe kwa mdomo wake. Akaanza kuivua ile jezi kichwani, na Hellen alikuwa ameshasimama.

"Unavua nini mbele ya wanaume?" mkwewe alimfokea. "Kaa chini!"

Akamkalisha palepale chini ya pete. Na hapo likatokea jambo ambalo watu wa Mkolani hawahitaji kulitia chumvi. Kashindye, yule yule wa mikono mirefu, aligeuka akampa Evelina mgongo, akatandaza mikono. Mwenzake wa Mwaloni akasimama pembeni yake. Wa Jiwe Kuu wakaja, wote kumi na watatu wakawa ukuta wa migongo, timu zimechanganyika, na ndani ya ukuta mama mkwe alilowesha kitambaa, akamfuta mkamwana wake, akamwambia kamua. Maziwa ya jua yakaenda kwenye vumbi la uwanja. Kisha akampa mtoto, na kilio kikakatika kama redio iliyozimwa.

"Refa, muda unakwenda!" alipayuka yule kijana wa Pasiansi.

"Nyamaza wewe," Kashindye alimjibu bila kugeuka. "Kwani wewe ulinyonya chupa?"

Mtoto alinyonya, akacheua, akalala. Mama mkwe akamchukua, akamfunga mgongoni. Evelina alibaki chini, akimtazama, akisubiri lile neno.

"Mama, nitoke?"

"Nimesema?"

"Hujasema."

"Basi inuka. Beseni lako hilo hapo juu."

Filimbi ikalia. Ukuta ukavunjika, Kashindye akawa adui tena mara moja, mikono juu. Dakika zikayoyoma, bado sawa, mpira ukaja kutoka pembeni na Evelina akaudaka kwa vidole. Watu wakasimama. "Mama Suzana! Mama Suzana!" Uwanja wote, isipokuwa mtu mmoja. Suzana alikuwa yeye mwenyewe pale mstarini. Mama yake Suzana alikuwa amezikwa Magu, na huwezi kumpigia marehemu mama yako kelele za mpira. Midomo ya mama mkwe ilitafuta neno. Mkamwana? Nani atasikia mkamwana? Akavuta pumzi, mtoto akapanda juu mgongoni, na akaliita lile ambalo hakuwahi kuliita hata siku ya harusi.

"Evelinaaa! Tupa!"

Alisikia. Jicho la kushoto likafumba, ulimi ukatoka, mpira ukapanda juu ya mikono ya Kashindye. Haukugusa chuma.

Nikuambie kelele zilizofuata? Mawe yenyewe yalipiga makofi! Dorotea alimbusu refa. Evelina alibebwa juu juu, raba moja ikapotea, na kutoka kule juu alimtafuta mkwewe. Alimwona anaruka mguu mmoja mguu mmoja kama wanavyocheza kwao, mkono mmoja nyuma ukishikilia mtoto aliyelala fofofo.

Jumapili asubuhi Evelina aliamka, akabadilisha nepi, akaifunga fundo, akasimama mlangoni. Beseni halikuwa karibu na pipa. Lilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, na mbele yake, mikono imetandazwa juu, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, alisimama mama mkwe.

"Haya, Evelina," alisema. "Pita hapa kama unaweza."