Darubini ya Dorine na Maji Yaliyopanda Juu

Dorine ndiye aliyeniambia, Jumanne moja ya mwezi wa saba mwaka jana, baridi ya Songea ikiuma mpaka kwenye meno, kwamba kuna chombo kinachomvuta mtu wa mbali ukamwona kama amesimama mlangoni.

Hakuniambia kwamba kitamleta akiwa miguu juu, kichwa chini.

Hilo nililiona mwenyewe. Na niliyemwona ni jirani yangu Benigna.

Sasa twende taratibu, maana mambo haya ukiyakimbilia unaharibu jina la mtu.

Dorine ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Pankrasi. Ni fundi cherehani, mtu mzima anayejitegemea, ila tunaishi wote hapa Bombambili. Kila mwaka anawapeleka vijana wa parokia kambini, milima ya Matogoro. Wanalala kwenye mahema, wanaimba, wanarudi na mafua.

Safari hii alitaka wakaangalie mwezi na nyota. Siyo kwa macho haya ya bure. Kwa darubini.

"Bibi, fedha yangu ni ya kudunduliza," akasema. "Nikikosea kununua, sina ya kurudia. Nimechukua mbili za kujaribu. Jumamosi naamua."

Akaziweka mezani.

Ya kwanza ilitoka dukani mjini. Nyeupe, ndefu, nyembamba, miguu mitatu kama ya vunjajungu. Boksi lake lilikuwa na picha za sayari zenye rangi kuliko kanga, na maandishi makubwa: inavuta mara mia tano na ishirini na tano.

Ya pili ilikuwa fupi, nene, nyeusi, imekaa kwenye kigoda chake cha mbao. Boksi haina. Ilikuwa ya Bashiru, mfanyabiashara wa Tunduru anayetuletea korosho. Yeye aliipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama.

"Bashiru kakupa hii bila kumwachia hata senti?"

"Kaniamini, Bibi."

"Mfanyabiashara?"

Dorine akacheka. Mimi sikucheka. Mtu akikuachia mali yake kirahisi, jiulize kwa nini haitaki kwake.

Nikaikagua ile fupi kama ninavyokagua gunia la mahindi. Huku kwetu gunia halinunuliwi kwa kutazama juu. Unachoma bambo, kile chuma chenye ncha, ubavuni, unatoa punje za katikati, maana juu wanaweka zile nzuri. Lakini hiki kitu utakichoma wapi?

Nikachungulia mdomoni. Ndani kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo kuna mtu.

"Ni wewe huyo, Bibi."

"Najua ni mimi."

Nilikuwa sijajua.

Dorine akanifundisha. Namba ya kwenye boksi isinibabaishe, cha kuangalia ni upana wa mdomo. Mdomo mpana unakusanya mwanga mwingi, kama sufuria pana inavyokinga mvua. Na kwenye jua nisiielekeze kabisa, itanipofusha.

Kisha akatoka kupeleka sare za mteja. Akaiacha ile fupi uani, juu ya stuli, imeelekea bondeni.

Mimi ni mtu wa subira. Nilikaa. Nikachambua maharage. Nikamaliza.

Nikaenda kuchungulia.

Mwanzoni ukungu mtupu. Nikazungusha kitufe kama alivyonionesha, na ghafla, ndani ya duara dogo kama kisahani, kijani cha mboga ya chainizi kikajaa. Halafu Benigna.

Alikuwa kwenye bustani yake ng'ambo ya kijito, anamwagilia.

Kichwa chini. Miguu juu. Na maji yalikuwa yanatoka kwenye kopo yanapanda.

Nikatoa jicho. Nikatazama bondeni kwa macho yangu. Benigna kasimama vizuri, mdogo kama punje, kitenge chake cha njano.

Nikarudisha jicho. Kichwa chini.

Wala sikuchungulia mara ya tatu.

Huku kwetu hata mtoto anajua ni watu gani wanaotembea usiku kichwa chini, na wanakwenda wapi. Neno lenyewe sikulitamka. Ni neno lisilorudi. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni akiitwa hivyo mara moja tu, basi. Watoto watamkimbia kisimani, vijana watamsubiri njiani, na hata akifa wataliongea matangani kwake.

Na Benigna si mtu wa kupita. Tuliolewa mtaa huu msimu mmoja. Mikono yake ndiyo iliyompokea Pankrasi alipozaliwa.

Sasa hapo ndipo moyo ulipoanza kunichimba. Mikono yake ndiyo iliyompokea.

Dorine aliporudi nikamwambia, "Ile fupi irudishe. Nunua ndefu."

"Kwa nini?"

"Nimesema."

"Bibi, ile ndefu naona kama kimeo."

"Nimesema, Dorine."

Jumatano nilitoka bondeni na kikapu cha viazi kichwani. Nikakuta jagi la togwa mezani.

"Mama Tadei kaleta," Dorine akasema. Ndiyo huyo Benigna. "Mimi nilikuwa ndani napiga pasi, nikasikia hodi yake. Nimetoka nakuta jagi tu, mwenyewe kaondoka bila kuaga."

Benigna kuondoka bila kuaga? Yule anaaga mara nne, na ya tano akiwa kwake.

Nikalitazama lile togwa. Lilikuwa zito, lenye povu zuri, kama ninavyolipenda. Nikalimwaga kwenye shina la mgomba, na kwa kuwa jagi halirudishwi tupu, nikamtuma Dorine alipeleke na viazi.

Alhamisi ikawa sala ya jumuiya, nyumbani kwa jirani yetu mzee Amedeus. Siku zote mimi na Benigna tunakaa mkeka mmoja. Siku hiyo alikaa kule kwenye kona, karibu na mlango. Ilipofika kupeana amani, alinipa ncha za vidole, macho kayaelekeza kwenye paa.

Nikasema moyoni, kajua kwamba nimejua.

Jioni ile, giza lilipoingia, Dorine akazijaribu zote mbili uani. Mwezi ulikuwa nusu. Akanivuta kwa mkono.

Kwenye ile ndefu nilichungulia. Mwezi niliuona, lakini ulikuwa unatetemeka kama mwenye malaria. Ukigusa kidogo, unakimbia. Ukiacha, miguu ile ya vunjajungu inaendelea kutikisika yenyewe. Dorine akatia kioo kinachovuta zaidi, ile mia tano na kitu yao. Mwezi ukawa uji.

"Umeona?" akasema. "Sasa njoo kwenye fupi."

"Sichungulii hapo."

"Bibi, nini lakini?"

"Nunua ndefu."

Akaifunika ile fupi kwa kanga. Anaiheshimu kauli yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma. Nilikuwa namtia hasara kwa macho makavu, kwa sababu nisingeweza kumwambia sababu.

Jumamosi mchana Bashiru akapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kitu chako kile pale, baba. Kibebe."

"Kimewashinda nini?"

"Kibebe tu."

"Bibi, nambie kasoro yake."

"Kasoro yake unaijua."

Akavua kofia yake, akajikuna, akaivaa tena. Hakukataa. Nikaona, huyu anajua.

Kabla hajajibu, sauti ikatoka nje ya uzio.

"Mama Pankrasi. Siingii. Naulizia tu, huyo bwana anakiondoa hicho kitu?"

Ni Benigna. Kasimama njiani, mikono kaifungia ndani ya kitenge.

"Unataka kiondoke kwa nini?" nikamuuliza.

"Wewe unataka kiondoke kwa nini?"

"Nimeanza kuuliza mimi."

"Na mimi nimeanza kuogopa kabla yako."

Tukatazamana. Kuku wakapita katikati yetu.

Bashiru akakohoa. "Samahani, mama zangu. Kuna mtu kamwona mwenzake miguu juu?"

Benigna akajifunika kitenge mpaka kidevuni, mimi nikafukuza kuku waliokwishapita. Hilo likamtosha Bashiru.

"Wallahi nilijua," akasema, akakaa chini kwenye kizingiti. "Mke wangu Biasha kaniona mimi. Natandaza korosho. Anasema korosho zimeganda juu na mimi nimening'inia chini yake kama popo. Akakusanya nguo, akarudi kwao Namasakata. Nimekwenda kumfuata na wazee ndiyo akarudi, na sharti ni kwamba kitu hiki kisilale nyumbani. Nikajua ni kibovu. Nikaona nimpe huyu binti ajaribu mwenyewe, nisije nikaitwa mwizi."

Dorine akatoka ndani, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alikuwa amesikia yote.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi, hiki kinageuza kila kitu. Ndivyo kilivyotengenezwa, ni hicho kioo cha ndani. Njoo. Njoo na wewe Mama Tadei, ingia, usisimame barabarani kama mgambo."

Akakielekeza kwenye mgomba wa kule juu. Nikachungulia. Mkungu umeelekea mbinguni.

"Mgomba nao una mambo?"

Nikafuta jicho, nikachungulia tena.

Akakigeuza kwa ng'ombe wa mzee Amedeus aliyefungwa kwenye kigingi. Ng'ombe kaning'inia, anakula nyasi za darini.

"Na ng'ombe?"

"Dorine, kwa nini hukuniambia?"

"Mimi naangalia mwezi tu, Bibi. Mwezi hauna miguu. Ukigeuzwa utajuaje?"

Benigna akachungulia naye. Akakaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka, hakunitazama.

"Jumatano nilikuja na togwa," akasema. "Nikakiona hapa uani, nikachungulia. Ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Kichwa chini, na kikapu kiko chini ya kichwa, na kiazi hata kimoja hakidondoki. Nikasema, hapa hata kiazi kinamtii."

"Mimi nilikuona Jumanne. Maji yako yanapanda."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Na wewe?"

"Sikumwambia mtu."

"Hata padri?"

"Hata mimi mwenyewe sikujiambia. Nilikuwa nikifika kwenye lile neno, naimba."

Siku zote zile jina langu lilikuwa kwenye ulimi wake, na jina lake kwenye wangu, na hakuna aliyefungua mdomo. Tungefungua, Bombambili nzima ingetumaliza wote wawili, na wala isingehitaji darubini.

"Togwa ulilinywa?" akauliza.

"Mgomba ulilinywa."

"Nilijua. Na mimi viazi ulivyomtuma Dorine aniletee, nimempa nguruwe."

"Nguruwe kafa?"

"Mzima. Nimemkagua kila asubuhi."

Hapo ndipo tulipocheka.

Dorine akainunua ile fupi. Bashiru, aliposikia kwamba si mbovu, alikuna tena kichwa, nikaona anataka kupandisha bei. Nikamtazama. Akaiacha palepale. Ile ndefu ikarudi dukani na boksi lake la rangi.

Wewe unayetafuta darubini ya kubeba kambini, na mfuko wako ni wa kawaida kama wetu, sikia. Namba kubwa ya kwenye boksi ni punje za juu ya gunia. Tafuta mdomo mpana, kitako kisichotikisika, na kitu unachoweza kupakata kwenye bodaboda mpaka chini ya mlima. Ikikuonesha watu miguu juu, usiirudishe dukani, na mtu naye usimkatae.

Na la mtu ndilo kubwa. Ukimwona mwenzako kapinduka, kabla hujamtafutia jina, uliza kwanza unamtazama kwa kitu gani. Na kama huna wa kumuuliza, funga mdomo. Mdomo uliofungwa unaweza kufunguliwa kesho.

Jioni tukautazama mwezi wote watatu, tumejifunika vitenge. Benigna akasema una mashimo kama barabara yetu, hapo lazima kuna diwani.

Baridi ikazidi. Kwake ni hatua chache tu, lakini nikamwambia, "Lala hapa."

Akaniangalia kidogo. "Sawa," akasema.

Nikamtandikia kitanda cha pili chumbani kwangu. Dorine alikuwa amechoka, akalala kabla hajavua futi shingoni. Taa ikazimwa.

Nikamsikia Benigna anapumua taratibu mno, kama mtu anayesikiliza.

"Hujalala?" nikasema.

"Nakusubiri wewe ulale kwanza."

"Na mimi nakusubiri wewe."

"Basi tulale pamoja."

"Haya."

Hakuna aliyelala. Tukakaa hivyo gizani, kila mmoja anahesabu pumzi za mwenzake. Mwishowe akaanza kukoroma, mkoromo wa kweli, usioweza kuigizwa. Nikasikiliza mpaka nikahakikisha.

Kisha na mimi nikageukia ukutani, nikampa mgongo, nikalala.