Gesi ya Cheptanui

Jirani yangu Kiprugut, mzee wa kanisa letu hapa Njoro, ni mtu mpole. Akiombea mgonjwa hupiga magoti hata kwa matope. Lakini gesi anaiogopa. Ndugu yake aliungua kwa ule moto wa lori la mafuta lililolipuka pale Sachangwan, na tangu hapo kwake hupikwa kwa kuni tu.

Binti yake, Cheptanui, alisoma fizikia chuoni akaitwa Ujerumani kuongeza masomo. Jumapili ya kumuaga, pasta akamwomba aeleze kanisa anaenda kusomea nini. Akasema kuna gesi inaitwa haidrojeni, nyepesi kuliko hewa, na haipitishi stima hata kidogo. "Lakini tukiichoma sana na kuikandamiza sana," akasema, "inapitisha stima kama waya." Vijana wakapiga makofi. Baba yake akainamisha kichwa.

Kwao mtoto haendi safari kubwa bila baba kumbariki kwa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu. Jioni ile Kiprugut alikataa kukishika kibuyu. Mkewe Jeruto alimsihi, nami nikamsihi. Akasema hawezi kubariki mtoto aende kuchoma gesi. Cheptanui alipotaka kueleza, mzee akainuka akaenda kwa ng'ombe. Binti wa pale hamfuati baba na maneno. Siku ya ndege ikapita yeye akiwa nyumbani, kisha akachukua kazi ya ualimu huko Elburgon.

Mwaka jana alikuja likizo na kompyuta yake. Tulikuwa tunakunywa chai, mzee akamuuliza anaandika nini siku kutwa.

"Ni ile kazi ya haidrojeni, baba. Naiendeleza kidogo kidogo."

"Na moto uko wapi?"

"Hakuna moto. Ni hesabu tu. Joto nililolisema kanisani liko ndani ya sayari kubwa huko juu. Sisi tunalipigia hesabu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Na kule Ujerumani ungekuwa unafanya nini?"

"Hivi hivi, baba. Kwa kompyuta kubwa zaidi."

Akauliza kama wale watu wanaweza kumwita tena. Cheptanui akamwambia nafasi ilipewa mwingine, akamwongezea chai.

Siku hizi Kiprugut hunijia baada ya ibada tuombe pamoja. Anafumba macho, anataja jina la binti yake, halafu anakwama. Mimi namngoja. Mpaka leo hajapata la kuomba.