Safu Moja Kila Wiki

Kwa miaka mingi watu wa mtaani kwetu Amu walinihesabu mchamungu, na sababu yenyewe ilikuwa tumbo. Msikitini, sala ikikaribia kukimiwa, nilikuwa nikiinuka mbio kwenda chooni, kisha narudi uso umelowa maji, natafuta nafasi safu ya mwisho karibu na mlango. Siku nyingine nilitoka mara mbili. Wenzangu wakaamini nahuisha udhu kwa kuogopa shaka. "Yule hakai bila udhu," walisema. Kukaa kwangu nyuma nako wakakuita unyenyekevu. Kila Ijumaa hakukosekana mzee wa kunivuta kanzu: "Ndoo mbee, Bwana! Mtu kama wewe haketi nyuma." Nami natabasamu kwa adabu, matumbo yananguruma.

Mimi ni fundi wa kushona kanzu. Cherehani yangu iko hatua kumi na mbili kutoka chooni, nilikuwa nimezihesabu. Shela nilikwenda kwa miguu tu, kwa kuwa mashuani hakuna pa kujisitiri, na Kipungani kwa shemeji zangu nilikuwa nimeacha kwenda kabisa. Hospitali walinipima damu na choo, wakanipiga picha, wasione kitu. Daktari akaniambia utumbo wangu ni mzima ila ni mwepesi wa kuudhika: moyo ukihangaika, nao huhangaika, kisha moyo huzidi kuhangaika kwa kuuogopa. Nilitoka pale nimekasirika. Mtu analalamika tumbo, anaambiwa habari za moyo!

Kisha binti yangu akaposwa. Kwetu baba akipenda humpa uwakili shehe au ndugu yake amuozee binti, na hakuna wa kumlaumu. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshamchagua ndugu yangu. Lakini mwanangu alikuja akaketi karibu na cherehani, akasema, "Baba, sitaki kuozwa na ami. Nataka uwe wewe." Nikamwambia inshallah, halafu nikaenda chooni.

Ndipo nilipokwenda zahanati kwa sista mmoja, muuguzi wa kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa na sifa ya kusikiliza. Foleni ilikuwa ndefu nje, lakini alifunga mlango kama kwamba mgonjwa ni mimi peke yangu siku ile.

"Nani anajua, mzee?" aliniuliza.

"Mke wangu. Tuna choo kimoja."

Hakucheka. "Na wengine?"

"Wengine wananiona mtu wa dini sana."

"Na nyinyi si ndio mnasema mficha maradhi kifo humuumbua?"

Nilikereka. Mtu wa bara kunifunza methali ya kwetu! Lakini nilikaa, na nashukuru nilikaa.

Aliniambia niandike kila siku vitu vitatu: nilichokula, kilichonisumbua moyoni, na tumbo lilivyokuwa. Nikaandika katika daftari langu la vipimo, chini ya mabega na mikono ya wateja. Baada ya wiki tatu tulilisoma pamoja. Nilikuwa nikimlaumu samaki wa nazi miaka yote hiyo. Kumbe samaki yuleyule niliyemla Jumatatu salama, nikimla Ijumaa asubuhi alinimaliza. Siku ambazo harusi ilitajwa zilikuwa mbaya hata nilipokunywa uji mtupu. Sista alinifunza pia kupumua: mkono juu ya kitovu, navuta pumzi hadi mkono uinuke, naitoa taratibu kuliko nilivyoivuta. Nilijiona mjinga, lakini kila asubuhi kabla ya kushona nilifanya.

Siku moja akaniuliza, "Huo msikiti wenu una safu ngapi?"

"Nane."

Hajawahi kukanyaga ndani ya msikiti. Alichukua karatasi, akapiga mistari minane nyuma yake, akatia alama ya mlango na alama ya choo. "Safu moja kila wiki, mzee. Tumbo likishika, usiinuke hapo hapo. Pumua, ngoja. Litapanda, kisha litashuka. Likikataa kushuka, nenda. Si kosa."

Nimeshona tangu ujana wangu, na sijaona mtu wa kukata nguo bila kumwona mwenyewe ikamkaa vile. Nilimstahi sana mama yule, na bado namstahi.

Wiki ya nne nilikuwa safu ya tano kutoka mbele. Wiki ya tano nilikimbia. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kukemewa. Aliuliza tu, "Ulikaa hadi wapi?" Nikasema hadi rakaa ya pili. "Na zamani?" Nikasema zamani ningekimbia hata sala haijaanza. Akaandika kwenye kadi yangu kuwa nimeendelea vizuri, akanionyesha alichoandika. Mzee mzima nilitoka pale nataka kulia kwa furaha.

Jambo moja tu nilimkatalia. Alitaka nimwambie mtu mwingine, walau ndugu yangu. Alisema kinachonichosha si tumbo, ni kulificha. Nikamjibu tutaona. Sifa ni tamu, hata za uongo.

Siku ya nikaha, baada ya alasiri, nilikaa msikitini mbele kabisa, goti kwa goti na bwana harusi, ndugu yangu ubavuni. Shehe akaanza hotuba. Tumbo likashika. Nikapumua kama nilivyofunzwa, likashuka. Likashika tena, nikangoja, likashuka. Shehe alipotuambia tushikane mikono, likashika kwa nguvu, na safari hii halikushuka.

Ndugu yangu aliona jasho langu. Akaninong'oneza, "Nipa uwakili, wende ukatawadhe." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu, nikatoka, na watu wangesema: tazameni mchamungu, hata siku ya harusi ya mwanawe! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na haikuwa ya tumbo.

Nikauachia mkono wa kijana, nikasema ili wasikie, "Nina maradhi ya tumbo. Ninayo miaka yote. Nilipokuwa nikitoka haikuwa udhu, nilikuwa nakwenda chooni. Sasa hivi pia nakwenda. Lakini nataka kumuoza mwanangu mwenyewe."

Nilimwona mzee mmoja akiinamisha kichwa, sijui kwa huruma au kwa kicheko. Kisha shehe akafunga kitabu chake. "Enda, Bwana," akasema. "Tutakungoya."

Nikaenda. Nilikaa kule muda mrefu kuliko nilivyotaka, nikisikiliza kama watu wanaondoka. Sikusikia nyayo. Niliporudi walikuwa wameketi vilevile, na yule kijana alikuwa bado ameunyoosha mkono wake kuelekea pale pangu patupu, akiutegemeza kwa ule mwingine kwa kuchoka. Nikaketi, nikaushika. Nikamwambia nimemuoza binti yangu, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

Naye akasema amekubali.