Kushoto kwa Ndege Iliyolala Chali

Fundi Makochi alikuwa na mdomo. Hilo lisemwe mapema, maana mtu mwenye ulimi wa kiasi angekosea, angesema nimekosea, na habari hii isingekuwepo. Lakini yeye alikuwa amewacheka wenzake miaka nenda miaka rudi. Aliyesahau kuchaji betri alichekwa. Aliyebandika bawa likapinda alichekwa mbele ya mkewe, na wiki iliyofuata akachekwa tena.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kushona na kuvisha makochi. Kazi ya moyo wake ilikuwa ndege za povu. Si povu la sabuni, ni lile povu gumu na jepesi linalofungia friji kwenye boksi isigongeke. Ndege hizo hazina injini. Unasimama ukingoni mwa mteremko, mahali ambapo upepo unakuja kasi, unakuta kilima kimesimama mbele yake, unakosa pa kwenda ila juu. Unaitupa ndege kwenye upepo ule, unashika rimoti, nayo inaelea huko mpaka shingo yako ichoke. Ndege za namna hiyo huanguka sana, na zikianguka huvunjika, ndiyo maana watu wa kilimani walimvumilia fundi na mdomo wake. Hakuna aliyejua gundi kama yeye. Bawa lililokatika vipande viwili alilirudisha, akapitisha ufito ndani, akalivisha tepu ya nyuzi, ukawa unatafuta kovu kwa kidole hulioni.

Aliyekuwa bingwa wa kurusha ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Huyu alikuwa kinyozi, mtu wa maneno machache, mwenye duka la kiti kimoja na benchi moja. Alinyoa kwa wembe wa kukunja, na wateja walikuwa wanasinzia chini yake. Mkono uleule ulikuwa ukishika rimoti utadhani haushiki kitu. Ndege yake ilikuwa bawa tupu lisilo na mkia. Nyuma ya bawa hilo kulikuwa na vibao viwili vya kupanda na kushuka, kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja na kimota chake kidogo cha kukiinua na kukishusha. Kinyozi aliipitisha ndege hiyo karibu na majani mpaka watu wakashika vichwa, kisha akaiinua bila hata kukunja uso.

Kimota kimoja kiliungua, na ndege ikaletwa kwa fundi. Vimota viliingilia tumboni, kwa hiyo fundi akailaza chali juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Akachana tepu ya zamani, akachimbua kimota kilichokufa, akaweka kipya, akakibana kwa gundi. Waya mbili akazichomeka, wa kulia pake na wa kushoto pake, kwa jinsi alivyokuwa akiitazama. Lakini ndege ilikuwa chali, na kitu kikilala chali kulia kwake huwa kushoto kwako. Fundi alilijua hilo kuliko jina lake. Ila siku hiyo alikuwa akizozana na mteja kuhusu rangi ya kochi, mikono inafanya huku, mdomo unafanya kule. Aliigeuza ndege, akavuta kijiti cha rimoti nyuma, vibao vyote viwili vikapanda kama inavyotakiwa. Akaridhika. Kulia na kushoto hakujaribu.

Kilimani upepo ulikuwa mzuri ajabu. Kwa kawaida kinyozi alikagua ndege yake mwenyewe, hata kama imetoka mikononi mwa nani. Siku hiyo watu walikuwa wamepanga foleni, naye akamgeukia shemeji yake akamuuliza kama iko tayari. Fundi akajibu kwa majivuno kwamba kitu kikitoka kwake huwa kimeshakuwa tayari tangu jana. Akaitupa yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Ndege ilipanda vizuri, kisha upepo ukaiinamisha kidogo upande wa kushoto. Kinyozi akaipa kulia. Ikazidi kulala kushoto. Akaipa kulia zaidi, ikajipindua, ikatoka mbio ikielekea mawe ya chini, na sauti ya kuvunjika kwake ikawafikia baada ya wao kuona imeshatulia. Hakuna aliyecheka. Kinyozi alisimama akiitazama mikono yake, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Alisema polepole kwamba angeapa alikuwa ameipa kulia.

Fundi aliokota vipande, akaenda navyo karakana. Vimota vilikuwa vizima bado. Akawasha rimoti, akasukuma kulia, na kibao cha kushoto kikapanda. Hakukaa hata kufikiri. Alichomoa zile waya, akazibadilisha, akasukuma tena kulia, na safari hii kibao cha kulia kikatii. Akajiambia kwamba atamwambia kesho, wacheke yaishe.

Kesho yake kinyozi akamtangulia. Alifika kabla fundi hajamaliza kufungua mlango, macho yakionyesha hakulala, akamwomba amwonyeshe ndege ilikuwa na kasoro gani. Na palikuwa na mtu wa tatu, mrushaji mwenzao aliyekuja kuchukua bawa lake, yuleyule aliyechekwa mbele ya mkewe. Huyo asingekuwepo, labda fundi angesema. Labda asingesema pia, tusimtetee sana. Alichukua rimoti, akasukuma kulia, akasukuma kushoto, vibao vikafanya kila kilichoagizwa.

"Mbona iko sawa kabisa," alisema.

Kinyozi alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi," alijibu, akaondoka.

Fundi alidhani shemeji yake atanuna wiki moja. Hakujua, au alijua akajitia hamnazo, kwamba baba yao wale ndugu, mkwe wake marehemu, alianza kupotea hivyohivyo. Mzee yule alianza kwa kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, watoto wakacheka. Akaja kupotea njia ya nyumbani kwake, na mwishoni akawa anawasalimia wanawe kama wageni. Kinyozi ndiye aliyemwogesha na kumnyoa mpaka siku yake ya mwisho. Sasa aliona zamu imemfikia yeye. Akaweka wembe chini. Aliwaambia wateja anapumzika kidogo, lakini kwa mkewe alisema ukweli: mkono usiojua kulia na kushoto hauwezi kupewa shingo ya mtu.

Mke wa fundi aliipata habari hiyo kwa wifi yake. Alirudi nyumbani akakaa jikoni na kitambaa cha mezani mikononi, analia bila sauti. Alimwambia mumewe kwamba amempoteza baba mara mbili, mara ya kwanza akiwa hai na mara ya pili alipozikwa, na kwa kaka hataweza kuyarudia. Fundi alimkumbatia. Alihisi machozi ya mkewe yanapenya shati lake, na yeye, ambaye kauli yake moja ingeyakausha, akasema tumwachie Mungu. Aliposema hivyo alijichukia.

Ukimya una tabia ya kunenepa. Wiki ya kwanza lingekuwa kosa la waya. Mwezi ulipopita likawa jambo jingine ambalo hata jina hakutaka kulipa. Basi akaanza kulipa kwa wema. Aliunda ndege mpya, nzuri kuliko zote alizowahi kuunda, akampelekea. Kinyozi alimshukuru, akaitundika ukutani kwenye duka lililofungwa, akasema itapendeza hapo. Fundi akavisha upya viti vyote vya sebuleni kwa shemeji yake bila kuombwa. Akawa anakwenda naye sokoni, hospitali, kila mahali. Alipojaribu kumrudisha kilimani kwa maneno ya mzunguko, kwamba upepo siku ile ulikuwa mbaya, kwamba kila mtu huanguka, kinyozi alimsikiliza kwa upole kama watu wanavyosikiliza pole za msibani. Mke wa fundi naye akazidi kumpamba mumewe. Alisema kaka yake ana bahati ya kupata shemeji wa namna hii, wengine wangemkimbia. Fundi alikuwa akiinuka mezani chakula kikiwa nusu.

Halafu kikaja kiti.

Kinyozi alikuwa amekubaliana na kinyozi mwenzake wa mtaa wa pili amwachie kile kiti cha kunyolea. Ngozi ya mahali pa kukalia ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kilikuja karakana kwanza kivishwe. Kililetwa na mkokoteni, kizito, chuma kitupu chini, na mahali pa kuegemeza kichwa pameng'aa kwa visogo vya mtaa mzima. Fundi alianza kung'oa misumari ya pembeni. Kila msumari uliotoka aliusikia. Alipofika nusu, koleo likamdondoka, akakaa sakafuni mgongo ukiegemea kile chuma, na hapo ndipo shemeji yake alipomkuta alipopita kuangalia kazi inakwendaje.

Kinyozi akamwuliza kama anaumwa.

"Shemeji, ile ndege niliiunga imelala chali," fundi alisema akiwa palepale chini. "Kulia nikaweka kushoto. Wewe uliipa kulia kweli. Mkono wako haukukosea. Ni mimi."

Kinyozi alivuta stuli akakaa. Fundi akaeleza yote, waya, meza, mteja wa kochi, akionyesha kwa viganja alivyogeuza ndege, anageuza, anageuza tena, kana kwamba taabu ilikuwa ni kueleweka. Mwenzake aliangalia vile viganja mpaka vikakoma vyenyewe.

"Ulijua lini?"

"Jioni ileile."

"Kabla sijaja kukuuliza?"

"Kabla."

Kinyozi alipangusa goti lake ingawa halikuwa na vumbi. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo fundi hakuielewa mara moja. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba lile lilikuwa kwanza furaha, furaha ya mtu aliyerudishiwa akili zake mwenyewe, na hasira ilikuwa inasubiri nyuma yake.

"Kosa la waya ningelicheka palepale kilimani," kinyozi alisema. "Na ungenicheka wewe pia kwa kutokagua. Lakini siku ile tunatoka hospitali ulinishika mkono nivuke barabara. Uliniambia, taratibu shemeji, gari linatokea kulia kwako. Ukanionyesha kulia ni wapi. Nami nikakushukuru."

Mdomo wote ule wa fundi, na hapakuwa na neno hata moja ndani yake.

"Malizia kiti," kinyozi alisema akiinuka. "Ukishamaliza, kirudishe dukani kwangu."

Fundi alikivisha usiku na mchana, ngozi bora aliyokuwa nayo, na akakisukuma mwenyewe kwenye mkokoteni katikati ya mtaa watu wakimtazama. Nyumbani alikwenda kumwambia mkewe kabla hajaambiwa na mwingine. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kwa kaka yake, akarudi baada ya siku kadhaa. Tangu siku hiyo alimpakulia chakula kama kawaida ila hakukaa naye mezani. Kilimani fundi alisimama mbele ya wote akaeleza. Yule mrushaji aliyechekwa mbele ya mkewe hakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kama angechekwa.

Kinyozi alifungua duka. Wanasema mteja wa kwanza alinyolewa polepole sana, kwamba wembe ulisimama hewani muda mrefu kabla ya kugusa shavu, na kwamba ulipogusa haukutetemeka. Wa pili alisinzia. Baada ya muda si mrefu benchi likajaa kama zamani, maneno ya mpira na siasa yakarudi, na kinyozi akaonekana kilimani akirusha ile ndege mpya aliyoishusha ukutani, akiikagua kulia na kushoto mara mbili kabla ya kuitoa mkononi.

Fundi alikuwa akinyolewa hapo tangu alipooa. Hakuwahi kwenda kwingine na hakwenda sasa. Aliacha ndevu zikaota kwanza, akiogopa. Kisha siku moja akapiga moyo konde, akaingia, akasalimia, akakaa mwisho wa benchi. Kinyozi aliitikia salamu kwa heshima zote. Akamnyoa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zamu ya fundi ilipofika akainuka, naye kinyozi akatazama juu ya bega lake akamwita aliyeingia nyuma yake. Fundi alikaa. Akaitwa mwingine, na mwingine, mpaka wakabaki wawili tu, na kinyozi akaanza kufagia nywele.

Wiki iliyofuata akaja tena, ikawa vilevile, na iliyofuata vilevile. Wateja waligundua, lakini waliona haya kuuliza mbele yake. Miezi ikapita, ndevu zikamfika kifuani, nyingine nyeupe asizojua kama anazo.

Siku moja benchi lilipokuwa tupu, yeye peke yake, alishindwa kujizuia. Alimwuliza shemeji yake kama bado ana shaka na mkono.

Kinyozi alikuwa anafuta wembe. Aliufuta upande mmoja, akaugeuza, akaufuta wa pili, akaukunja.

"Mkono nimeshauamini, shemeji," alisema. "Wewe bado."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akasogea akae sawasawa kwenye benchi, mikono magotini, kwa sababu duka lilikuwa halijafungwa.